Chakula cha Kungojea Maji

Mto Ruvuma pale Kilambo hauvukwi kwa saa ya mkononi. Huvukwa kwa maji. Kijiji chenyewe kipo chini ya kilomita 50 kutoka Mtwara mjini, karibu na mlango wa mto, na bahari huingia mtoni na kutoka mara mbili katika usiku na mchana, kila siku ikichelewa kwa dakika 50 hivi kuliko siku iliyotangulia. Maji yakijaa, vyombo huvuka. Yakipwa, mafungu ya mchanga huibuka, mtumbwi hukwama na pantoni hulala. Kwa sababu hiyo kila afikaye Kilambo, awe mkulima mwenye tenga la kuku au ofisa mwenye muhuri mkobani, aghalabu hujikuta anangoja. Na mtu angojaye saa nne au tano hana budi kuona njaa. Ilikuwapo hoteli iliyoishi kwa njaa hiyo, nayo ndiyo ninayotaka kuikumbuka leo.

Neno hoteli lisimpotoshe ndugu msomaji wa mjini. Kwetu hoteli ni mahali pa kula, si pa kulala. Hiyo ninayoisema ilikuwa banda la miti iliyokandikwa udongo hadi kiunoni, lenye paa la makuti, mabenchi mawili marefu, na meza iliyoundwa kwa mbao za mashua iliyovunjwa, ambayo matundu yake ya misumari yalikuwa yangali yakionekana. Pembeni palikuwa na mtungi wa maji na kata yake, na nyuma ya banda palikuwa na mafiga chini ya mwembe. Haikuwa na jina lililoandikwa mahali popote. Mwenyewe alikuwa mama mmoja mjane. Sisi watoto tulimwita Bibi. Wasafiri wa bara walimwita Mama. Na wavuvi wa visiwani, kwa adabu yao, walimwita Bi Mkubwa.

Nilianza kuingia hoteli ile nikiwa na umri wa miaka saba hivi, katikati ya miaka ya 1980. Asubuhi nilikwenda shule ya Serikali, alasiri nilikwenda chuoni kwa mwalimu wetu wa Kurani, na kati ya huko na huku nilikuwa mtoto wa kutumwa. Kazi yangu kwa Bibi ilikuwa kutazama kijiti. Alikuwa amechomeka kijiti cha mkoko katika tope la ukingo, chenye alama tatu zilizokatwa kwa kisu. Maji yakigusa alama ya chini, nilikimbia kumwambia, naye akaikalia mbuzi na kuanza kukuna nazi. Yakifika alama ya pili, wali ulikuwa umekwisha kupaliwa makaa juu ya kifuniko. Yakifika ya tatu, sahani zilikuwa mezani, ili kila msafiri ale kwa utulivu na kunawa kabla nahodha hajaita. Sikupata kuona abiria aliyeachwa na chombo kwa sababu ya wali ule, wala wali uliomwagwa kwa sababu abiria wamekwisha ondoka.

Chakula chenyewe kilikuwa kilekile alichokula kila mtu nyumbani kwake, isipokuwa kilipikwa kwa uangalifu zaidi. Nazi iliyokunwa aliikamua mara mbili kwa kifumbu. Tui la kwanza, lile zito, aliliweka kando. La pili, lile jepesi, ndilo alilochemshia mchele au mbaazi. Na lile zito alilitia mwisho, moto ukiwa umepungua, ili lisikatike. Samaki alikuwa changu au kolekole kutoka pwani ya Msimbati, aliyechemshwa chukuchuku kwa chumvi, ndimu na pilipili. Siku ambazo bahari ilichafuka na wavuvi wakarudi mikono mitupu, palikuwa na ng'onda, aliyebabuliwa kwanza juu ya makaa ndipo akatiwa tui. Kisamvu hakikukosekana. Na kwa yule ambaye fedha yake haikufika kwenye wali, palikuwa na ming'oko, ile mizizi ya mwituni ambayo kina mama wa Mtwara na Lindi huichimba kwa mikono na kuichemsha. Iliwekwa katika ungo karibu na mlango, pamoja na kisahani cha chumvi na pilipili, ili asiye na kitu asilazimike kupita mbele ya watu kuomba bei.

Lakini kilichomletea Bibi sifa kubwa kilikuwa ugali wa muhogo. Wako wanaoudharau ugali huo kwa kudhani kuwa ni chakula cha dhiki kisichohitaji maarifa. Hilo ni kosa kubwa. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na sumu hiyo haitoki ila kwa muda: muhogo umenywe, uloweke au uvunde, uanikwe juani ukauke barabara uwe makopa, ndipo utwangwe. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000, wengi wao wakiwa wanawake na watoto, walipooza miguu kwa kula muhogo mchungu ambao haukupewa siku zake. Maradhi hayo, ambayo waganga huyaita konzo, yalionekana pia katika Mkoa wetu wa Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Bibi hakulijua neno sianidi, ila alijua hesabu ya siku. Nilimwona zaidi ya mara moja akimrudishia mchuuzi unga wake, hata katika miezi ya njaa, kwa kuuonja tu kwa ncha ya ulimi na kusema kuwa muhogo huo umeharakishwa.

Ndugu zetu wa visiwani wana haki yao katika kumbukumbu hii. Upepo wa kaskazi ulipoanza kuvuma, wavuvi walishuka kusini kwa majahazi na mashua zao wakapiga dago katika fukwe zetu, na wengi wao walifika Kilambo kutafuta mchele, kuni na habari. Kusi ilipogeuka walipandisha tanga kurudi kwao. Mvuvi wa dago huishi miezi kadhaa bila mke wala mama, akila alichopika mwenzake mwenye usingizi. Kwa mtu wa namna hiyo, sahani ya wali wa nazi iliyoandaliwa na mikono ya mama ni zaidi ya shibe. Nakumbuka wanaume wenye mabega mapana waliokaa kimya mbele ya sahani zile kama watoto waliorudi kutoka chuoni.

Na upande wa pili wa mto je? Mpaka ule ulichorwa na wageni. Wajerumani na Wareno walikubaliana mwaka 1886 kuwa Ruvuma iwe mpaka. Mwaka 1894 Wajerumani wakavuka na kuitwaa Kionga iliyo ng'ambo. Mwaka 1916 Wareno wakaitwaa tena. Katika mabadilishano yote hayo hakuna aliyewauliza Wamakonde, Wamakua wala Wamwani waliozaliana, kuoana na kuzikana katika kingo zote mbili. Vita vya kuikomboa Msumbiji vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, watu wa kusini walifungua milango yao, na hawakuifunga hadi nchi ile ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Baadaye vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambavyo havikwisha hadi ulipotiwa sahihi mkataba wa Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Hivyo ndivyo nilivyovishuhudia kwa macho ya mtoto: jioni moja mtumbwi ukatua, wakashuka mama, watoto watatu na babu mmoja aliyebebwa mgongoni. Bibi hakuwauliza wametoka wapi. Aliniambia niwaletee maji ya kunawa, akawapakulia, na wale waliokuwa wamekwisha lipa wakasogea kwenye benchi.

Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba miongoni mwa mafungu manane ya watu wanaostahiki zaka yumo ibnu sabili, mwana wa njia, yaani msafiri aliyepungukiwa. Shuleni, kwa upande wake, tulifundishwa kuwa binadamu wote ni ndugu zangu. Mimi masomo yote mawili niliyaelewa jioni ile, kwa kushika birika la maji.

Msomaji atauliza hoteli ya namna hiyo iliwezaje kuishi. Iliishi kwa mkopo uliolipwa polepole. Miaka ile fedha ilikuwa adimu mno kusini. Korosho, iliyokuwa imefikia tani zipatazo 145,000 nchini kote katika msimu wa 1973/74, ilikuwa imeporomoka hadi chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Mkulima asiyekuwa na korosho hakuwa na shilingi, lakini safari za misiba na harusi hazikungoja msimu. Bibi aliandika madeni kwa mkaa juu ya ubao wa mlango, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa na baba yake. Kwa kuwa herufi za Kizungu hakuzijua, wale waliokuja kuhesabu wasiojua kusoma walimhesabu miongoni mwao. Na ilhali mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Mimi ndimi niliyemsomea orodha ile macho yake yalipoanza kufifia. "Soma jina, kiasi usikipazie sauti," alikuwa akiniambia, ili mdaiwa aliyekaa benchini asiaibike.

Sasa nifike mahali ambapo kalamu yangu ni nzito. Nimekitumikia Chama tangu ujana wangu, na nimekaa katika vikao vingi. Katika kimojawapo, zaidi ya miaka kumi iliyopita, uliletwa mpango wa kupanua njia ya magari kuelekea ukingoni. Mpango wenyewe ulikuwa mwema. Wananchi walihitaji njia, na sikupata kuwa mpinzani wa njia. Ikasemwa kwamba mabanda yaliyo karibu na maji yaondolewe, na kwamba wenye mabanda wapimiwe viwanja mahali pengine. Nilijua ni banda la nani lililo la kwanza. Nilijua pia kuwa hapakuwa na ramani ya hayo mahali pengine, wala tarehe. Nilinyoosha mkono pamoja na wenzangu, kwa sababu jua lilikuwa limetua na kila mmoja alitaka kwenda nyumbani.

Tangazo lilibandikwa, nalo liliandikwa kwa herufi za Kizungu. Bibi akaniita. Mimi niliyemsomea madeni ya watu kwa sauti ya chini nikiwa mtoto, nilimsomea tangazo lile nikiwa mtu mzima mwenye cheo. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: "Na hao wanaongoja maji, watakaa wapi?" Nikajibu kwamba hilo litashughulikiwa. Alivunja banda lake mwenyewe kabla ya siku iliyowekwa, akatoa makuti juu, akafunga ubao wa mlango kwa kamba, akahamia kwa binti yake, mbali na mto. Kiwanja hakikupimwa.

Nilipopita Kilambo baada ya miaka kadhaa, maji yalikuwa yamekupwa. Njia ilikuwa imepanuliwa kweli. Kando yake, katika jua la saa nane, walikaa kina mama wenye watoto wachanga juu ya mabunda yao, wakila biskuti kavu na kunywa soda ya moto. Hapakuwa na mtungi. Kijana mmoja alikuwa akiuza maji ya chupa kwa bei aliyoipanga kwa kutazama kiu ya mnunuzi. Hakuna aliyezungumza na mwenzake, maana hapakuwa na benchi la kuwakutanisha.

Bibi alifariki dunia huko kwa binti yake. Nilikwenda katika arobaini yake. Baada ya hitma, kwa desturi yetu, jamaa mmoja alisimama akasema kuwa mwenye kumdai marehemu ajitokeze, na aliyekuwa akidaiwa naye aseme ili asamehewe. Wa kudai hakutokea. Wadaiwa walisimama hata nikapoteza hesabu. Mzee wa ng'ambo alisema anadaiwa ugali wa watu watano, wa mwaka ambao alivuka bila viatu. Mvuvi wa Mafia, mvi zimemjaa, alisema anadaiwa siku nane za wali wa kaskazi moja ya zamani. Kiasi alikuwa amekwisha kukisahau, kwa hiyo alileta gunia zima la mchele. Binti akaleta ule ubao wa mlango. Mkaa ulikuwa umefutika, yakabaki majina machache tu. Nikaombwa nisome, nikasoma majina.

Deni langu mimi si la wali, na kwa kuwa liliingiwa hadharani, kikaoni, naliungama hadharani. Simlaumu mtu wala idara. Nasema tu kwamba sisi tunaopanga mambo ya wananchi tumezoea kuhesabu chombo, njia na ofisi ya mpaka, na kusahau kwamba baina ya njia na chombo yupo mtu anayengoja. Daraja la Umoja la Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720, lilifunguliwa Mei 2010, nalo ni fahari ya mataifa mawili. Lakini liko mbali sana juu ya mto, na halimfai mtu wa pwani anayekwenda kumzika shangazi yake Kionga. Huyo atavuka Kilambo, na atangoja maji.

Wengine watasema kuwa zama zimebadilika, na kwamba mpaka wa leo ni jambo la ulinzi, si la vyungu na mafiga. Siwapingi kuhusu ulinzi. Tuliona mashambulizi ya Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, tukaona kijiji chetu cha Kitaya kikivamiwa Oktoba 2020, na Palma Machi 2021. Walinzi wetu wanastahili heshima na dua. Lakini nauliza: mahali penye meza moja, ambapo kila mpitaji hukaa, huamkiwa, huulizwa hali ya wazee wake na kula na wenyeji, na mahali ambapo watu hukaa juani wakipeana migongo, ni wapi ambapo mtu mwenye nia mbaya hujificha kwa urahisi? Na yule mkimbizi asiye na hatia, aliyeacha nyumba ikiungua, ni wapi atakapojua kwamba amefika kwa watu?

Wala si kweli kwamba mpango mzuri hauwezi kukaa pamoja na chungu. Bustani ya Forodhani ya Unguja ilipofanyiwa matengenezo makubwa, wauza vyakula wa jioni walihamishwa kwa muda, na ilipofunguliwa tena mwaka 2009 walirudi, mahali pakiwa safi zaidi. Ndugu zetu wa Unguja wanajua hilo kuliko mimi. Serikali ya Singapore, tangu mwanzo wa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980, iliwaondoa wauza vyakula wa barabarani kwa kuwajengea kwanza majengo yenye maji, taa na mifereji. Na Desemba 2020 utamaduni huo wa kula pamoja uliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO. Kwetu Tanzania, mama lishe aliyefukuzwa katika misako ya Nguvu Kazi baada ya sheria ya mwaka 1983 alikuja kupewa kitambulisho cha shilingi 20,000 kuanzia Desemba 2018, akatambuliwa kuwa ni mfanyakazi. Kitambulisho ni jambo jema, lakini hakimpi mtu kivuli wala jiko.

Kwa hiyo naomba mambo machache, nayo si ya gharama kubwa. Penye kila kivuko cha mto au bahari ambapo watu hungoja maji, pengwe kiwanja cha kina mama wa chakula katika ramani ileile ya njia, siku ileile, kwa vipimo na kwa tarehe. Pawepo paa, bomba au kisima, choo, na mabenchi. Kodi yake iwe ya kulingana na biashara ya sufuria mbili. Na mabanda yanapobidi kuondolewa, asiguswe mtu kabla hajaonyeshwa kigingi cha kiwanja chake kipya na kukishika kwa mkono. Pale Kilambo yupo mjukuu wa Bibi, mwanamke kijana ajuaye kuuonja unga kwa ncha ya ulimi. Hupika nyumbani kwake, mbali na ukingo, na kuleta chakula kichwani katika beseni. Aghalabu hufika abiria wakiwa wamekwisha vuka.

Kwa ndugu zangu wa visiwani nasema: mnapoletewa gati jipya katika kisiwa chenu, itazameni ramani kwa makini, na ulizeni mapema jiko litakaa wapi. Na kwa viongozi wenzangu nasema: nendeni Kilambo maji yakiwa yamekupwa, msiende yakiwa yamejaa, mkakae pale saa nne bila mwavuli wala gari lenye ubaridi. Kijiti cha Bibi kimekwisha ng'oka, lakini maji ya Ruvuma yanajaa na kupwa kwa saa zake, na watu wangali wanangoja.